Kabla hujasugua ukuta wa tofali, tafuta ukuta huo unakunywa maji wapi

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi, niliitwa kwenye nyumba moja Nkuhungu kuangalia ukuta ulioota magadi. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alipitisha kidole kwenye unga mweupe uliotanda juu ya msingi, akaonja, akatema pembeni.

"Chumvi tupu, mwanangu. Jumamosi naosha, Jumatatu imerudi."

Nikamwuliza anaosha na nini. Maji ya kisima na sabuni ya unga, akajibu, ndoo tatu kila wiki. Nilimwomba aache siku hiyohiyo.

Tofali la kuchoma limejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, navyo huvuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hubeba chumvi za udongo. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ukimwagia ndoo ya maji, chumvi ile inayeyuka na kuonekana imeondoka, kumbe sehemu kubwa imerudi ndani ya tofali kungoja ukuta ukauke tena. Na maji ya visima vyetu vingi yana chumvi yake, kwa hiyo kila kuosha ni kuongeza.

Wengi huniambia Dodoma ni kukavu, ukuta hauwezi kuharibiwa na maji. Ni kweli mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini ukavu huo ndio unaotuumiza. Jua na upepo vikikausha uso wa ukuta haraka kuliko maji yanavyoweza kuufikia, chumvi hugandia ndani, milimita chache nyuma ya uso. Fuwele zake zikikua hazina pa kwenda, zinasukuma. Ndipo unakuta tofali linabanduka magamba, ukiligusa linamwagika unga mwekundu. Unga mweupe wa nje unaudhi macho tu na hufagilika. Magamba ndiyo hasara, kwa sababu tofali lililokwisha kubanduka haliponi.

Kwa hiyo, kabla ya kushika brashi, zunguka nyumba yako polepole. Anzia juu: bati halina mifereji? Maji ya paa yanadondokea wapi, na tope linaruka hadi tofali la ngapi? Shuka chini: bomba la bafuni linamwaga wapi? Tangi likijaa, linafurikia upande gani? Bustani ya maua iliyobanana na ukuta, ukiimwagilia unaumwagilia ukuta pia. Angalia na mbuzi. Hapa kwetu ni kawaida kuwafunga jioni nyuma ya nyumba, na mkojo wao huacha kwenye udongo chumvi kali sana, kiasi kwamba hata zizi lililohamishwa zamani bado huonekana ukutani.

Halafu chimba kidogo kando ya msingi. Fundi makini hutandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha ukuta, ili kukata njia ya maji. Nimekuta nyumba nyingi zenye nailoni nzuri kabisa, ila baadaye kifusi kimerundikwa au sakafu ya nje imeinuliwa hadi kuipita, maji yakapata daraja. Kuondoa kifusi hicho ni kazi ya jembe na asubuhi moja, nayo inashinda dawa yoyote ya dukani.

Kwa yule mama, kosa lilikuwa maji ya bafuni, yaliyotuama hatua mbili kutoka ukutani. Na lilikuwapo la pili. Miaka michache kabla, fundi alimpigia lipu ya saruji yenye kimo cha mita moja kuficha magamba. Saruji iliziba uso, maji yakakosa pa kutokea, yakapanda hadi juu ya lipu na kutokea hapo. Ukitazama kwa mbali uliona mstari mweupe ulionyooka kama uliopigwa kwa kamba. Vanishi ya kung'arisha tofali hufanya vilevile: inapendeza msimu mmoja, kisha inabanduka pamoja na ngozi ya tofali.

Asidi ya kusafishia choo naiogopa zaidi, na naomba tuelewane hapa. Inakula chokaa iliyomo kwenye viungo vya tofali, na inaacha chumvi mpya ndani. Ikichanganyika na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inatoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu ndani ya chumba kidogo. Usizichanganye kamwe.

Usafi wenyewe, ukishakata maji, ni wa kawaida. Subiri ukuta ukauke, kisha sugua bila maji kwa brashi ya katani au fagio la chelewa. Brashi ya waya iache, inakwangua lile gamba la nje lililoiva vizuri kwa moto. Kinga chini kwa kiroba ukusanye unga wote ukautupe mbali, maana ukiuacha pale mvua ya kwanza itaurudisha. Tope lililoruka liache likauke kwanza, litadondoka lenyewe ukiligonga kidogo. Masizi ya jikoni hutoka kwa maji machache ya bomba na sabuni ya mche, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Njia za mchwa usizifute ukaishia hapo. Fuata zinakotoka, kwa sababu mchwa hupenda penye unyevu.

Viungo vilivyolika vikwangue kiasi cha sentimita mbili kwenda ndani, uvinyunyizie maji, ndipo uvijaze. Tofali zetu nyingi za tanuri la kienyeji hazikuiva sawa, za pembeni huwa laini hadi kucha inazichora. Ukizizungushia saruji kali, maji na chumvi vitapitia kwenye tofali badala ya kiungo, na tofali ndilo litakalokufa. Changanya ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga uliooshwa. Fanya asubuhi au jioni, kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku tatu. Mafundi wengine watakucheka kwa kuweka chokaa. Wavumilie, ila usiwakubalie.

Kazi hii ifanyike kiangazi, imalizike kabla mawingu ya mwishoni mwa Novemba hayajaanza kujikusanya.

Mama wa Nkuhungu alihamisha maji ya bafuni, akabomoa lipu, akawa anasugua kila baada ya wiki mbili na kuweka unga kwenye kopo la maziwa apate kunionyesha. Mara ya kwanza kopo lilijaa. Nilipopita mwezi wa kumi na moja, kulikuwa na unga wa kijiko kimoja cha chai, na tofali za juu ya msingi zilikuwa zimerudia wekundu wake.