Je, wajua kwa nini kompyuta ya kujitengenezea nyumbani huanza kwa kuambiwa "usifanye kitu"?

Umeunga waya zote kwenye bodi, prosesa ya Z80 ipo katikati na pini zake 40, umewasha umeme, halafu? Hakuna skrini, hakuna kibodi, hakuna cha kukwambia kama ni nzima au imekufa. Ndo maana wanaojenga hizi kompyuta za kizamani wanaanza na amri moja tu, namba 00, ambayo kwa Z80 maana yake ni usifanye kitu, songa mbele. Inaitwa NOP.

Utamu wake ni kwamba hata memori huhitaji. Unachukua laini 8 za data unazishusha zote graundi kupitia resista, basi kila prosesa ikiuliza amri inayofuata inasoma sifuri. Ikiresetiwa inaanza anuani 0 (anuani ni namba ya nafasi kwenye memori), haifanyi kitu, inaenda 1, 2, 3 mpaka 65,535 halafu inarudi 0. Ukipanga taa za LED kwenye laini 16 za anuani utaziona zinahesabu. Ila kwa kloki (mapigo yanayoiendesha prosesa) ya 4 MHz, yaani mapigo milioni 4 kwa sekunde, NOP moja inakula mapigo 4, yaani NOP milioni 1 kwa sekunde, inazunguka anuani zote kama mara 15 kila sekunde na jicho halifuati kabisa, kwa hiyo punguza kloki, na hapo tumia Z80 iliyotengenezwa kwa teknolojia ya CMOS kwa sababu zile za mwanzoni za teknolojia ya NMOS hazivumilii kloki ya polepole sana. Na usishtuke ukipita anuani 127 ukaona taa za juu zinazima na kuwaka katikati ya kila amri, hiyo sio waya mbovu, Z80 kila ikimaliza kusoma amri inatoa anuani nyingine ya kuhuisha memori za DRAM, zile zinazosahau zisipohuishwa kila mara.

Hesabu ikienda sawa ndo unaweka memori na swichi. Unaiomba prosesa iachie laini kwa pini ya BUSREQ, unapanga anuani kwa swichi, unapanga baiti kwa swichi 8, unabonyeza kitufe cha kuandika, unahamia anuani inayofuata. Kuingiza baiti kwa swichi hivyo ndivyo walivyofanya wenye kompyuta ya Altair 8800 mwaka 1975, na Z80 iliyotoka 1976 inaelewa amri zilezile za prosesa ya Intel 8080 iliyokuwa ndani ya Altair.

Wengi wanaanza na C3 00 00, yaani ruka urudi anuani 0 (kuanzia hapa baiti na anuani za programu zimeandikwa kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16). Baiti 3 tu, taa zinazunguka 0, 1, 2, unafurahi. Lakini hebu iandike C3 kwa biti: 11000011. Isome kutoka kulia, ni ileile! Na sifuri ni sifuri tu. Kwa hiyo hata kama laini zote 8 za data umeziunga kwenye prosesa kinyumenyume, hii test inapita vizuri kabisa, na wewe unaendelea kujenga juu ya kosa.

Mimi napendelea hii ya baiti 6: 3E 55 32 80 00 76. Chukua 55, iweke anuani 0080, simama. Anuani inaandikwa 80 kwanza halafu 00, Z80 inataka nusu ndogo itangulie. Waya zikiwa kinyume, 3E inageuka 7C, amri nyingine kabisa, na prosesa inapitiliza bila kusimama kwenye baiti ya 6. Zikiwa sawa, pini ya 18 ya HALT, inayoonyesha prosesa imesimama, inashuka, na kama umeiwekea LED inawaka. Sasa chukua tena laini, panga anuani 0080 kwa swichi, angalia taa za data: 01010101, moja imewaka moja imezima mpaka mwisho.