Hiyo D Si Diski ya Pili: Soma Kabla Hujampelekea Fundi Kompyuta

Tangu Microsoft isitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko yanayofika kwenye dirisha letu la TEHAMA yanafanana. Mtu kapeleka kompyuta kwa fundi apigiwe Windows 11, imerudi nyepesi, ila picha za harusi na hesabu za duka hazimo. Ukimuuliza bekapu (nakala ya akiba) iko wapi, anajibu bila wasiwasi: "Si niliweka D?"

Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani, D ni chumba kingine cha nyumba ileile. Diski ni moja, imekatwa vipande viitwavyo patisheni: C, yenye Windows, na D. D itakusaidia pale tu fundi atakapofomati (atakapofuta na kuandaa upya) C peke yake. Diski yenyewe ikifa, vyote vinakwenda. Hili tumelisema mpaka sauti zimekauka.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Chini kuna mistari yenye visanduku; C na D zikiwa kwenye mstari mmoja, basi ni diski moja. Utaona pia visanduku vidogo visivyo na herufi. Kile cha EFI, mara nyingi MB 100, ndicho kompyuta inachokitafuta inapowaka. Kingine kimebeba zana za kuikarabati Windows. Wapo wanaovifuta "kuongeza nafasi", wanapata MB mia chache na kompyuta isiyowaka. Na wale wanaodai diski ya GB 500 imechakachuliwa kwa kuwa inasoma 465: haijachakachuliwa. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

C ikijaa, wengi hupunguza D wakitegemea C itanuka. Hainuki, amri ya kuongeza inabaki na rangi ya kijivu. Sababu ni kwamba nafasi tupu imetokea mwisho wa D, na C hupokea nafasi iliyopakana nayo upande wa kulia tu. Kwa zana hiyo ya Windows, itabidi uhamishe mafaili ya D kwenye diski ya nje, uifute D, ndipo uongeze C. Na kama patisheni ya ukarabati imekaa katikati, simama hapo, usiifute kwa kubahatisha.

Kuhusu fundi, tunashauri maandishi, hata karatasi ya daftari. Andika aina ya kompyuta, namba yake ya kiwandani (serial number), patisheni inayoruhusiwa kufutwa kwa herufi na kwa ukubwa (herufi pekee haitoshi, maana hubadilika ukiwasha kwa fleshi), tarehe, na saini mbili, nakala kwa kila mmoja. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, nakili kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48.

Wapo wanaokuja wakitaka fundi afungwe. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinamhusu anayeharibu au kufuta data kwa makusudi na bila uhalali: faini isiyopungua shilingi milioni 10, au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Soma tena neno makusudi. Uliyemwambia "piga window, futa kila kitu" umempa idhini, na sisi si mahakama.

Yakishatokea, zima kompyuta na usiweke programu yoyote ya kurudisha mafaili kwenye diski hiyohiyo, kwa sababu kila kinachoandikwa upya kinafunika kilichobaki. Diski ya kuzunguka iliyofomatiwa haraka huwa bado ina cha kuokoa. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ni habari nyingine: ikishafutwa, yenyewe husafisha nafasi hiyo chinichini, na mara nyingi hata ukifika kwetu siku hiyohiyo tunakuta tupu.