"Inazunguka, basi ni nzima": dhana potofu kuhusu mashine ya santuri iliyotumika

Mgeni wa santuri akienda kuangalia mashine iliyotumika, jicho lake hukimbilia vumbi, mikwaruzo ya kifuniko na mkanda wa mpira uliolegea, ule unaozungusha sahani. Muuzaji huchomeka waya, sahani inayobeba santuri inazunguka, anasema, "Si unaona mwenyewe? Nzima kabisa." Hivyo mnunuzi huogopa vitu vya bei ndogo kutengeneza, kisha huridhika na jambo ambalo halithibitishi chochote.

Dhana: Ikizunguka, inafanya kazi

Kuzunguka ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kazi yenyewe ni kuzunguka kwa kasi moja bila kuyumba, huku mkono wa mashine, wenye sindano kichwani, ukiifuata mifereji ya santuri kwa mgandamizo wa gramu chache. Santuri ndefu, zile LP zilizoingia sokoni mwaka 1948, huchezwa kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika. Zile ndogo zilizofuata mwaka 1949 huchezwa kwa 45. Kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima hupanda nusu toni, na mwimbaji unayemjua huanza kusikika kama mdogo wake.

Kwa hiyo nenda na santuri yako, tena yenye piano au filimbi inayoshikilia noti ndefu. Muziki wa ngoma nyingi huficha maradhi. Noti ndefu ya piano ikipinda na kurudi, hapo umeyasikia, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayoyafuta. Jaribu kasi zote. Mashine nyingine zina vidoti kwenye ukingo wa sahani: taa yake ikiwaka, vidoti vya kasi husika vinapaswa kuonekana vimesimama. Vikitembea mbele au nyuma, kasi si sahihi. Kama vidoti havipo, ziko programu za simu zinazopima mizunguko, nawe unailaza simu juu ya sahani.

Baada ya hapo zima umeme, ushughulike na mkono. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwingine kote, kwa sababu mkono ulioharibika ndio unaoweza kugharimu kuliko mashine yenyewe. Utoe kwenye kishikio chake na uusogeze taratibu kutoka pembeni hadi katikati. Uende kama hauguswi na kitu. Ukihisi unakwaruza au unakwama mahali, beringi zake zina tatizo. Kisha ushike kichwa chake kwa vidole viwili na ukitikise kidogo sana: ukisikia mchezo, yaani mkono wote unalegalega kwenye kitako chake, shukuru na uondoke.

Angalia pia uzani wa nyuma, lile gurudumu zito linaloviringishwa kwenye mkia wa mkono. Hupotea mara nyingi watu wanapohama nyumba, na wa mashine moja kwa kawaida haukai kwenye nyingine. Kama upo, uzungushe mpaka mkono uelee wenyewe, usishuke wala kupanda. Mkono usiokubali kuelea hauwezi kupangiwa gramu sahihi. Mwisho, inua mkono kwa ule wenzo mdogo wa kuunyanyulia na uushushe: unapaswa kutua polepole. Ukidondoka ghafla, mafuta mazito ya ndani yamekauka. Hilo hutengenezeka, ila lipunguze bei.

Dhana: Sindano imeisha, mashine imekufa

Sindano ni kama tairi, hulika. Ya almasi kwa kawaida hukadiriwa saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na hakuna muuzaji anayekumbuka saa hizo. Ushauri wangu ni kuhesabu bei ya sindano mpya ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo, hata kama iliyopo inalia vizuri. Sindano iliyochakaa huchimba mifereji, na santuri iliyochimbwa hairudi. Kwenye katriji nyingi za sumaku (katriji ni kile kijisanduku cha kichwani kinachoshika sindano), sindano huchomolewa kwa vidole na nyingine ikachomekwa.

Swali la maana ni kama sindano ya katriji hiyo bado inapatikana. Soma jina na namba iliyoandikwa juu yake kabla ya kukubali bei. Ikiwa haipatikani, tazama kama kichwa cha mkono kinapokea katriji za kawaida, zile zinazofungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7. Kama kinapokea, uko salama. Utabadilisha katriji nzima. Ukiwa hapo, hakikisha vijiwaya vinne vya nyuma yake (mweupe, buluu, mwekundu na kijani) vyote vimeshika, kisha sikiliza kama spika zote mbili zinatoa sauti.

Dhana: Umeme ni tofauti? Nunua transfoma tu

Mashine ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wa 230 huungua, na ni kweli transfoma huzuia hilo. Isichoweza kubadilisha ni masafa ya umeme, yaani mara ngapi umeme hutetema kwa sekunde, yanayoandikwa Hz. Mota za zamani za aina nyingi hufuata masafa hayo: iliyotengenezwa kwa Hz 60 ikitumia umeme wa Hz 50, mizunguko 33⅓ hushuka hadi chini kidogo ya 28. Muziki unakuwa mzito na mchovu, na mwenye mashine anahangaika na mkanda usio na kosa. Baadhi ya mashine zina puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya ukubwa mwingine kwa ajili ya masafa hayo; nyingine hazina. Kwa hiyo geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma au cha chini: volti ngapi, Hz ngapi. Mota zinazoongozwa na saketi ya elektroniki kwa kawaida hazina shida hii ya kasi.

Dhana: Za mkanda ni dhaifu, za mota ya moja kwa moja ndizo bora

Madijei waliipenda Technics SL-1200 ya mwaka 1972 na zilizoifuata, mashine ambazo mota huzungusha sahani yenyewe bila mkanda, kwa sababu zinaanza upesi na kuvumilia kusukumwa kwa mkono. Wewe unayekaa kusikiliza huhitaji hayo. Mkanda uliokatika au kuyeyuka kama lami ni kitu cha bei ndogo. Usiwe na wasiwasi, mwambie muuzaji apunguze bei.

Dhana: Sauti ndogo ni dalili ya ubovu

Huenda hakuna kilichoharibika. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 5 hivi tu, na santuri zenyewe hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa. Panahitajika priampu ya fono, yaani kikuza sauti cha awali cha mashine ya santuri, ili kuikuza sauti na kuirudisha ilivyokuwa. Ukiunganisha mashine moja kwa moja kwenye spika zenye umeme wake, utasikia muziki hafifu, mwembamba, usio na besi. Amplifaya nyingi za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO, na hapo priampu imo ndani. Na ukisikia mvumo mzito usiokoma, tafuta waya mwembamba wa athi unaoning'inia nyuma. Mara nyingi haujafungwa popote.

Dhana: Sindano ikiruka, weka sarafu juu ya kichwa cha mkono

Usiweke. Sarafu huongeza gramu ambazo katriji haikuundwa kuzibeba, na inayolipa ni santuri. Safisha santuri, sawazisha meza, panga upya uzani wa nyuma.

Ukishalipa, usiibebe jinsi ilivyokaa. Funika sindano, ondoa uzani wa nyuma, funga mkono kwenye kishikio chake, na kama sahani hunyanyuka, isafirishe peke yake. Uliza pia kama zile skrubu za kufunga mota au sahani wakati wa safari bado zipo. Kama zipo, zikaze kabla ya kuondoka, na uzilegeze tena kabla ya kuchomeka umeme.