Nafsi ya Rachael: dhana ya utambulisho katika filamu ya Blade Runner

Utambulisho wa nafsi ni dhana inayojibu swali moja: nini kinachomfanya mtu wa leo awe ndiye yule yule wa miaka ishirini iliyopita? Swali si la kufanana. Mapacha hufanana, na bado ni wawili. Bibi kizee na picha yake ya utotoni hawafanani hata kidogo, na bado ni mmoja. Asiyetenga mambo haya mawili tangu mwanzo ataitazama filamu hii mpaka mwisho na atoke na swali lisilo lake.

Kwa chombo cha baharini jambo hili huonekana wazi. Jahazi likipandishwa pwani pale Matondoni, kijiji cha Lamu, fundi hung'oa ubao uliooza, akatia mpya, akakalafati nyufa kwa pamba, kisha likapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Mwaka huu ubao wa ubavuni, mwaka ujao mataruma, yaani mbavu za ndani, mwisho hata mkuku, ule uti wa chombo. Siku mbao zote zitakapokuwa mpya, jahazi bado litaitwa kwa jina lake, na hakuna nahodha Lamu atakayesema amepewa chombo kingine. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alilitaja fumbo hili zamani kwa merikebu ya shujaa Theseus iliyotunzwa na watu wa Athens. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akalikoroga zaidi: je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu zote na kuziunga upya kwa mpango wake wa kwanza? Sasa vyombo ni viwili, na kila kimoja kina hoja. Anayeshikilia mbao atachagua kile kikuukuu. Anayeshikilia mfululizo wa safari atachagua kile ambacho hakikuacha kusafiri.

Mtu ni mgumu kuliko jahazi kwa sababu yeye hujikumbuka. Mwanafalsafa John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, alisema nafsi hurudi nyuma hadi pale fahamu inapofika. Roho ya mwana wa mfalme ikiingia katika mwili wa mshona viatu pamoja na kumbukumbu zake zote, aliyemo ni mwana wa mfalme, hata kama majirani watamwita mshona viatu.

Mwanafalsafa Thomas Reid aliona ufa katika kanuni hiyo mwaka 1785. Jenerali mzee anakumbuka alivyoteka bendera ya adui alipokuwa afisa kijana. Yule afisa alikumbuka alivyochapwa alipokuwa mtoto. Jenerali amesahau kabisa kuchapwa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ndiye afisa, afisa ndiye mtoto, lakini jenerali siye mtoto. Haiingii akilini. Kiraka chake kinajulikana: inatosha kumbukumbu zishikane kama mnyororo, pete kwa pete.

Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 1982 kutokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, inapiga mahali ambapo kiraka hicho hakifiki. Tuko Los Angeles, mwaka 2019 wa kubuni. Replikanti ni viumbe waliotengenezwa kwa sura ya binadamu, na wale wa aina ya Nexus-6 wamepewa miaka minne tu ya kuishi. Deckard, kazi yake kuwawinda, hutumia kipimo cha Voight-Kampff: maswali ya kuchokoza hisia, huku mashine ikitazama mboni ya jicho. Kwa kawaida maswali ishirini au thelathini yanatosha. Kwa Rachael, naye replikanti, yanapita mia moja, maana yeye mwenyewe hajui kwamba ametengenezwa.

Rachael anakumbuka buibui nje ya dirisha lake utotoni, na watoto wa buibui waliomla mama yao. Wengi husema kumbukumbu zake ni za uongo. Hapo wanakosea. Ni kumbukumbu za mpwa wa Tyrell, mwenye kampuni inayotengeneza replikanti, zilizopandikizwa kwake. Kumbukumbu halali inataka mambo matatu: tukio liwe lilitokea, limpate huyu anayelikumbuka, na kumbukumbu iwe imezaliwa na tukio lenyewe. Ya Rachael inapita sharti la kwanza na kuanguka katika mengine mawili. Mwanafalsafa Joseph Butler aliligusa jambo hili mwaka 1736: huwezi kusema kumbukumbu ni yako bila kujua kwanza wewe ni nani, kwa hiyo kumbukumbu peke yake haiwezi kuwa msingi. Rachael analeta picha yake na mama yake iwe ushahidi, lakini picha huonyesha kufanana tu.

Roy Batty, kiongozi wa replikanti watoro, ni kinyume chake. Maisha yake ni mafupi, lakini aliyoyaona aliyaona kwa macho yake. Kwa kipimo cha mashine si binadamu. Kwa kanuni ya Locke ni nafsi kamili, tena isiyo na doa la kukopa. Voight-Kampff hupima huruma. Haiwezi kumwambia mtu yeye ni nani, na Deckard anaitumia kana kwamba inaweza.

Deckard mwenyewe je, naye ni replikanti? Jibu hutegemea toleo. Lile la sinema la mwaka 1982 halina ndoto ya Deckard ya farasi mwenye pembe moja. La mwaka 1992 na la mwaka 2007 yanayo, na ndiyo inayoipa maana karatasi iliyokunjwa kwa umbo la farasi huyo ambayo Gaff, polisi mwenzake, anaiacha mlangoni kana kwamba anaijua ndoto hiyo. Anayetaka kubishana kuhusu Deckard atazame la mwaka 2007, ambalo Scott alikuwa na kauli juu yake yote.