Kilomita zilizoandikwa kwenye boksi la simu ya upepo

Wengi wanaosafiri kwa msafara wa magari huamini kwamba simu ya upepo ya mkononi (woki-toki) iliyoandikwa "kilomita 30" kwenye boksi itawaunganisha umbali huo huo barabarani. Kipimo hicho si lazima kiwe uongo: mmoja akiwa kileleni na mwenzake bondeni, bila kizuizi katikati, huenda kikafikiwa.

Mawimbi ya simu hizi husafiri karibu na mstari ulionyooka. Antena ikiwa kimo cha mita 1.5 kwenye tambarare, upeo wa macho uko kama kilomita 4 na nusu tu. Ongeza kilima, miti, na hasa bati la gari lenyewe, umbali unapungua mno. Ndani ya gari, kilomita 1 au 2 ni jambo la kawaida. Kuongeza nguvu ya simu kutoka wati 5 hadi 10 hakuzidishi umbali mara mbili. Antena ya juu ya paa husaidia zaidi, ingawa simu nyingine haziruhusu kubadilishwa antena.

Kujipimia ni rahisi. Gari moja lisimame, jingine liondoke, abiria akiita kila baada ya mita 500 mpaka sauti ikatike. Kisha rudieni penye kona na vilima.