Maumivu ya siatiki hayatibiwi kwa kulala kitandani

Huku Dodoma, mtu anayepata maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka nyuma ya paja hadi mguuni (ndiyo siatiki) bado huambiwa alale chali kwa wiki kadhaa bila kugusa kazi yoyote. Ushauri huo umepitwa na wakati. Mara nyingi chanzo ni diski (kisahani laini) iliyo kati ya pingili za chini za mgongo kuchomoza na kubana mzizi wa neva. Kulala muda mrefu hakuirudishi mahali pake, bali hudhoofisha misuli inayoushikilia mgongo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 huku wakiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi (kuinama kutwa nzima ukipogoa mizabibu ni jambo jingine, na hilo lipunguzwe kweli). Maumivu yakizidi miezi 3, msingi wa matibabu ni mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo). Dawa husaidia kidogo kuliko inavyotarajiwa, na upasuaji hufikiriwa pale picha ya MRI (kipimo kinachoonyesha diski na neva) inapolingana na dalili. Ganzi sehemu za siri au kushindwa kudhibiti mkojo ni dharura ya kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.