Kwa nini ED yako ni ya siku mbili na ya mwenzako ni ya siku kumi

Maafisa utumishi wa viwanda vya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, wananiuliza swali hili kuliko mengine yote: wafanyakazi wawili wa zamu moja wanaumwa kiuno, mmoja analeta ED (karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazini) ya siku mbili, mwingine ya siku kumi. Nani anadanganya? Mimi ni daktari wa afya ya kazi, na jibu langu mara nyingi ni kwamba hakuna anayedanganya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa au cha mtaalamu mwingine ambaye mwajiri anamkubali. Malaria ni siku ngapi, ngiri iliyopasuliwa ni siku ngapi, sheria haisemi. Hilo ameachiwa daktari.

Na madaktari tunatofautiana sana. Siyo hapa tu. Huko Skandinavia, madaktari waliopewa maelezo ya mgonjwa yuleyule waliandika siku tofauti kabisa. Uswidi ikaanza mwaka 2007 kutumia mwongozo wa kitaifa unaopendekeza muda wa kupumzika kwa magonjwa mengi.

Sasa chukua ED ya zahanati yoyote hapa mjini uisome. Jina, umri, tarehe, ugonjwa, siku za mapumziko, sahihi, muhuri. Hakuna mstari unaouliza mgonjwa anafanya kazi gani, na kwa maoni yangu tatizo kubwa liko hapo. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa dawa mseto kwa siku tatu. Karani wa Posta akimaliza dozi na kupata nafuu anaweza kurudi kwenye meza yake. Mbeba mizigo wa Kariakoo aliyemaliza dozi ileile bado hana nguvu ya kuweka gunia begani, na dereva wa daladala mwenye kizunguzungu hapaswi kushika usukani. Mpishi aliyekuwa anaharisha anatakiwa akae mbali na jiko hadi saa 48 zipite tangu kuharisha kukome, hata kama anajisikia mzima kabisa. Daktari asiyeuliza kazi anakisia, na kila mmoja anakisia kivyake.

Kwenye kiuno kuna tofauti nyingine, ya elimu. Zamani tulifundishwa kumlaza mgonjwa wa kiuno kitandani. Leo inajulikana kwamba maumivu ya kawaida ya kiuno, yasiyo na dalili za hatari kama ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo, hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kutembea na kufanya shughuli anazozimudu. Nikiona siku kumi za kulala kwa kiuno cha kawaida, nampigia simu aliyeandika.

Halafu kuna maisha ya mgonjwa mwenyewe, na hapa ndipo panaponiuma. Daktari akijua mgonjwa anatoka Chanika, anapanda magari mawili na hana bima, humwongezea siku ili asilazimike kurudi kwa ajili ya karatasi tu. Namwelewa. Lakini kibarua anaomba kinyume: "Daktari, niandikie moja tu, nikikosa kesho nafasi anapewa mwingine." Na anaandikiwa moja. Mwajiriwa wa kudumu mwenye kiuno kilekile anapata tano. Siku hizo hazikupimwa kwa ugonjwa wala kwa kazi. Zimepimwa kwa hofu ya kukosa mkate, na kibarua huyo nitamwona tena akiwa na hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukienda hospitali, usingoje kuulizwa. Sema unanyanyua uzito gani, unasimama saa ngapi, unapanda ngazi au unaendesha mtambo, zamu yako ni ya usiku au mchana. Wewe afisa utumishi, ukiwa na shaka na ED, omba ridhaa ya mfanyakazi kisha umuulize daktari mtu huyu anaweza kufanya nini na nini hawezi. Jina la ugonjwa halikusaidii kupanga zamu, na kulitaja mbele ya wenzake ni kumvunjia heshima.

Na kwa madaktari wenzangu: Uingereza tangu 2010 fomu yao ina nafasi ya kuandika kwamba mgonjwa anaweza kufanya kazi iwapo mwajiri atarekebisha saa au majukumu. Yetu haina, lakini kalamu tunayo. Chini ya idadi ya siku andika: "Asinyanyue zaidi ya kilo 10 hadi tarehe fulani," au "Asifanye zamu ya usiku kwa wiki mbili." Ongeza kwamba kama kazini hakuna kazi nyepesi ya kumpa, apumzike nyumbani hadi tarehe hiyo.